Hapa Hapachomwi Mabua

Kila mwaka baada ya mavuno, kabla mvua hazijarudi, wenye mashamba ya nyuma ya soko walichoma mabua. Hakuna aliyepiga mbiu. Alianza yule wa juu kabisa, karibu na barabara, kisha moto ukapokezwa kutoka shamba hadi shamba: unachukua bua linalowaka kwa jirani wa juu, unawasha kwako, kwako kukishika unamkabidhi wa chini. Kufikia alasiri mteremko mzima ulikuwa mweusi, watu wanakohoa huku wanacheka, na kila mmoja anajisifu kwamba shamba lake sasa ni safi. Safi ndilo neno walilolipenda. Ungedhani udongo ni sakafu ya sebuleni.

Mwaka mmoja moto ulishuka vizuri hadi kwenye mpaka wa mjane mmoja, mfagiaji wa soko, ukagoma kuvuka. Jirani yake wa juu, mwanamume mwembamba aliyeitwa Kiberiti kwa sababu hakupata kuchelewa kuchoma hata mara moja, alisimama mpakani na bua lake linawaka, akamnyooshea mkono.

"Pokea, jirani, linaniunguza."

"Litupe chini ulikanyage," mjane akasema. Alikuwa ameketi juu ya lundo la mabua yake kama msafiri aliyekalia mzigo asiibiwe.

"Kwani huchomi?"

"Sichomi. Hapa hapachomwi mabua, leo wala mwakani."

"Sasa wa chini yako watawashia wapi?"

"Zunguka barabarani uwapelekee. Miguu Mungu amekupa."

Kiberiti alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona mwenzake hacheki alilitupa bua, akalikanyaga, akaenda kuwaambia watu kwamba kifo cha mume kimemwingia mama wa watu kichwani. Kichwa cha mjane kilikuwa kizima. Alikuwa amekasirika tu, na hasira yake ilikuwa na sababu mbili, moja ya sokoni na nyingine ya nyumbani kwa mama mkwe wake.

Ya sokoni kwanza. Alikuwa amefagia soko lile la mboga kwa miaka tisa, meza za zege, mfereji wa katikati na uwanja wa nyuma, kwa fagio la njiti na toroli ambalo gurudumu lake lililia hata likipakwa mafuta. Nyuma ya ukuta wa choo palikuwa na pembe moja ambako alisukumia majani ya kabichi, maganda ya mahindi na nyanya zilizopondeka siku ambazo lori la taka halikutokea. Lori likawa na desturi ya kutotokea, mpaka pembe ile ikasahaulika. Siku moja akienda kumwaga maji aliona mnyanya umejiotea pale, shina nene kama kidole gumba chake, nyanya zimeuelemea mpaka umelala chini. Hakuna aliyeupanda, hakuna aliyeumwagilia, na mbolea ya dukani haujaiona hata mfuko wake. Akapiga kisigino chini. Udongo ukazama. Ulikuwa mweusi, mlaini, wenye harufu ya mvua ya kwanza.

Kwake nyumbani jembe likipiga chini lilirudi juu. Udongo ulikuwa mweupe juu na mgumu ndani, mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia kwa jirani kana kwamba yamefukuzwa. Mumewe, fundi bomba, Mungu amrehemu, alikuwa akinunua mbolea ya chumvichumvi kila msimu na kila msimu mahindi yalizidi kuwa mafupi. Mjane akasimama nyuma ya choo cha soko na fagio lake mkononi, akaona aibu na akaona hasira. Miaka yote alikuwa akichoma chakula cha shamba lake mwenyewe, halafu anashangaa shamba lina njaa.

Ya nyumbani ndiyo iliyomnyima usingizi. Shamba lile la nusu ekari halikuwa lake. Baba mkwe alilirithisha kwa mkewe, na mama mkwe ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu yake. Mwanawe mkubwa, yaani shemeji wa mjane, alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mtu mwenye tumbo la kiti na sauti ya honi, ambaye alipima kila kitu duniani kwa tripu. Miezi michache baada ya msiba aliwakalisha kikao chumbani kwa mama yake.

Chumba chenyewe kilikuwa kinajieleza. Bati lilikuwa limetoboka mahali patatu, na chini ya kila tundu palikuwa na beseni lenye kituo chake cha kudumu, mpaka wageni walijua pa kupita bila kuambiwa. Godoro lilisukumwa kwenye pembe iliyobaki kavu. Kuta za udongo zilikuwa zimelowa chini na kubanduka.

"Mama hawezi kufia ndani ya karai," shemeji akasema, na hapo hakukosea. "Nimeongea na fundi matofali. Udongo wa shamba letu ni mfinyanzi mtupu, mgumu, ndiyo anautaka. Pale pana tripu mia nne. Yeye achukue udongo, sisi atuachie matofali ya kumjengea mama nyumba. Kila mtu anapata."

"Na shamba?" mjane akauliza.

"Shamba gani, shemeji? Lile lililokupa magunia mawili?"

Mjane alijua fundi matofali akimaliza huacha nini. Udongo wa mteremko ule ulikuwa na kina cha futi mbili, chini yake mwamba. Mashamba matatu ya kule bondeni yalikuwa yamekwisha kufyatuliwa, na yalichoacha ni mashimo ya mawe yenye maji ya kijani, ambako hata magugu yaliona haya kuota. Udongo ukishakwenda hakuna msimu utakaourudisha. Yeye alikuwa na mshahara wa mfagiaji, chumba kimoja na lile shamba. Hakuzaa, na kwa hiyo kwenye ukoo ule alikuwa kama mgeni aliyechelewa kuaga. Lile shamba ndilo lililomfanya awe mtu wa pale.

Hakulia wala hakuomba. Alimgeukia mama mkwe wake. "Mama, mimi nalima. Siku shamba likishindwa kunilisha, waite watu wa matofali."

Mama mkwe alikuwa mwanamke mkavu, mwenye kulalamika kuhusu kila kitu kuanzia chumvi hadi serikali, lakini hakupenda kusukumwa, hata na mwanawe. Tena fundi matofali mwenyewe alikuwa na mashamba mengine ya kumaliza kwanza. "Alime," akasema. "Fundi si anakimbilia kwingine? Akifika zamu yetu tutazungumza."

Ndiyo maana mjane alikalia mabua yake siku ile ya moto. Alikuwa ameamua kulilisha shamba.

Na akaanza kwa kulivimbisha tumbo. Niseme ukweli, maana hadithi za watu wanaopatia mara ya kwanza huwa zimepikwa. Alichimba mitaro inayofika magotini, akaijaza kila kitu alichokipata: mabua yake yote, maranda ya mbao kutoka kwa seremala, pumba zilizoharibika mashineni, majani ya kabichi ya asubuhi ileile. Akafukia, na kwa kuwa mvua zilikuwa mlangoni, wiki hiyohiyo akapanda juu yake. Mahindi yaliota, yakafika kwenye goti, kisha yakageuka ya manjano shamba zima kama yameambukizana.

Shemeji alikuja kutazama, mikono nyuma. "Shemeji, hii ni bustani ya maua?"

"Cheka umalize, shemeji. Mwakani hutapata nafasi."

Lakini akiwa peke yake jikoni, sufuria ya maharage ikichemka bila yeye kuiona, alikuwa na hofu ya kweli. Alirudi nyuma ya choo cha soko akachuchumaa kwenye ile pembe muda mrefu, akachimba kwa mkono, akitafuta alichokosea. Juu palikuwa na majani ya jana, mabichi, yenye mainzi. Chini yake majani ya mwezi uliopita, yanayoteleza na yenye moto. Chini kabisa ndiko kulikokuwa na ule weusi, umepoa, hauna jani wala ganda, na mizizi ya mnyanya ilikuwa imekwenda huko na si kwingine. Akaelewa, akajitukana kwa sauti mpaka mtu aliyekuwa chooni akauliza kuna nini. Taka mbichi nazo zina njaa. Zinapooza hula kwanza zenyewe, na chochote ulichopanda karibu nazo kinabaki kutazama. Alikuwa ameweka mezani chakula kibichi, halafu akawaita wageni.

Tangu hapo akawa na jaa. Alilijenga kwa tabaka nyuma ya nyumba: mabua yaliyokatwakatwa kwa panga, majani ya sokoni, samadi aliyoiomba kwa mfuga ng'ombe, udongo kidogo, maji, kisha tabaka jingine, mpaka likamzidi urefu. Katikati alichomeka mti mrefu ulionyooka. Kila baada ya siku kadhaa aliuchomoa akauweka shavuni. Ukimuunguza, jaa bado linakula. Ukitoka wa vuguvugu, analipindua. Ukitoka baridi na safi, na kunuka udongo, hapo ndipo anapochimba mtaro na kulizika, akisogea hatua chache kila msimu ili pasibaki mahali ambapo hajafika, kuanzia juu hadi mwambani. Alipindua jaa lile kwa uma wa meno manne hadi mabega yake yakawa ya mbeba mizigo. Kumbuka alifanya haya baada ya kufagia soko zima.

Watu walimwita Mama Jaa. Walidhani wanamtukana. Mwanamke ambaye hakupata kuitwa mama wa mtoto yeyote alisimama akalisikiliza jina lile, akalipenda, akaanza kulijibu. Baada ya hapo matusi yakaongezewa vitendo. Asubuhi moja alikuta mtu amemwaga langoni kwake maboga yaliyooza na maganda ya maharage, debe zima. Aliyachota akayatia kwenye jaa, kisha akaliosha debe na kulirudisha langoni likiwa wazi. Kesho yake likawa limejaa. Wengine walimtupia na mifuko ya plastiki. Hiyo aliikusanya, akaifunga vizuri, akamrudishia kila mmoja mlangoni pake pamoja na salamu. Alijuaje ni ya nani? Mfagiaji wa soko hujua taka za mtaa mzima kama karani anavyojua miandiko ya watu.

Aliyelalamika zaidi ni mama mkwe, ambaye dirisha lake lilitazama lile jaa.

"Mwanangu, tunanuka. Wageni wanadhani pana maiti."

"Ni mabua tu, mama."

"Mabua yalikuwa na adabu yake siku yalipokuwa yanachomwa."

"Ndiyo, na mahindi nayo yalikuwa na adabu. Hayakuthubutu kupita magoti."

Mama mkwe alifunga dirisha. Lakini msimu wa tatu, Mama Jaa alipompelekea mboga za majani zilizojaa beseni, alizipokea, akazikagua, akasema zina mchanga. Hazikuwa na mchanga hata chembe. Akazila zote.

Msimu wa sita mvua zilikatika mapema. Zilinyesha wiki tano za kwanza kwa fujo, kisha mbingu ikafungwa. Mahindi ya mteremko mzima yalijikunja majani kama karatasi iliyobabuliwa na moto, na kwa Kiberiti hata magunzi hayakujaa punje. Kwa Mama Jaa majani yalibaki yamenyooka. Udongo wake ulikuwa umeyanywa maji ya zile wiki tano na kuyatunza ndani. Kiberiti alivuka mpaka bila kualikwa, akaingiza mkono kwenye tuta, ukazama mpaka kwenye kiwiko, akautoa na nyungunyungu wawili wananing'inia.

"Jirani, unauwekea nini huu udongo?"

"Yale mabua uliyotaka niyachome."

Mama Jaa akampa makonzi mawili ya mboji yake iliyopoa ndani ya ndoo. Kiberiti akaenda nayo akitangaza barabara nzima kwamba haijapata kutokea. Aisifuye mvua imemnyea. Mama Jaa alivuna magunia kumi na moja mwaka ambao wenzake walikwangua mabua, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe alijiruhusu kuamini kwamba mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Wiki ya pili baada ya mavuno shemeji alikuja na fundi matofali, mtu mfupi mwenye vidole vilivyopasuka na asiyepoteza maneno. Zamu ya shamba lao ilikuwa imefika. Kikao kikakaliwa tena kwenye kile chumba, ambacho sasa kilikuwa na mabeseni matano.

"Nilisema likishindwa kunilisha," Mama Jaa akasema. "Limenilisha. Limewalisha na nyinyi."

"Shemeji, hakuna anayebisha umelima," shemeji akajibu, na safari hii aliiteremsha sauti, jambo lililomtisha zaidi kuliko honi. "Lakini magunia kumi na moja hayaezeki nyumba. Tazama juu. Mama ana miaka sabini na saba. Unataka tumjengee kwa majani ya kabichi?"

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Mama Jaa alitazama juu kweli, akaziona nyota za mchana kwenye bati, akamwona na mama mkwe amejikunja kwenye pembe yake kavu, shali mabegani. Alijua ana haki, na alijua yule mama naye analowa. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kuvibeba.

"Lori likija," akasema polepole, "litanikuta ndani ya mtaro. Mtanichota pamoja na udongo."

"Usinitishe."

"Sikutishi, shemeji. Nakuonyesha nitakapokuwa."

Mama mkwe aliinua mkono. "Fundi, matofali yako ni mazuri?"

"Mazuri, mama. Ila sichukui udongo kabla sijaujaribu. Tofali likivunjika ukutani, wanaotukanwa si wenye shamba."

"Basi jaribu. Uniletee niyaone kwa macho yangu. Yakiwa mazuri, nijengewe."

Neno lilikuwa limetoka. Fundi alichota udongo mahali panne, juu, katikati, chini na kandokando ya mpaka, kila mahali akichimba mpaka sururu iligonga mwamba. Mama Jaa alimfuata hatua kwa hatua na reki yake, akisawazisha kila shimo nyuma yake, kimya, kama mtu anayefunga vidonda. Fundi alikanda udongo kwa miguu, akaujaza kwenye kalibu, kile kiunzi cha mbao, akafyatua matofali. Alikunja uso mara mbili, akanusa vidole vyake, akaendelea kufyatua. Matofali yakaanikwa kivulini, kisha yakaingizwa kwenye tanuri lake pamoja na ya wateja wengine.

Wiki tatu zikapita. Zilikuwa mbaya. Mama Jaa alifagia soko, akabeba majani, akarudi, akapindua jaa. Watu walimshauri apumzike, kwa nini ujichoshe kwa kitu kinachokwenda kuwa shimo. Kiberiti, aliyekuwa sasa na kijaa chake kidogo kinachofuka mvuke, alimwambia ampigie shemeji magoti. Alijibu kwamba magoti yake yana kazi mtaroni. Akachimba mtaro mpya, mrefu kuliko yote, akazika humo mboji yote ya mwaka mzima, na alipomaliza akaumwagilia maji ndoo ishirini. Kama shamba lilikuwa la kufa, basi lingekufa limeshiba.

Siku fundi aliporudi ilikuwa asubuhi na jua limeshawaka. Alisukuma toroli hadi mlangoni kwa mama mkwe, na ndani yake mlikuwa na matofali manane yamefunikwa kwa gunia. Shemeji alikuwa amefika mapema, amevaa shati la pasi kama anayekwenda kupokea funguo. Fundi alilichukua tofali la kwanza, akaliweka sakafuni mbele ya mama, akalikanyaga kwa kisigino bila nguvu. Likavunjika vipande vitatu. Akachukua la pili, akalibonyeza kwa kidole gumba, pembe ikamomonyoka. Ndani lilikuwa jeusi, na mlikuwa na vitobo vyembamba kila upande, mahali ambapo kila unyuzi wa jani na mzizi ulikuwa umeungua na kuacha nafasi yake.

"Yote yako hivi," akasema. "Nusu yalipasuka hata kabla ya moto. Huu si udongo wa tofali."

Shemeji alichuchumaa, akachukua kipande, kikamvunjikia mkononi. "Lakini nilikuonyesha mwenyewe. Miaka sita iliyopita ulisema ni mfinyanzi mtupu."

"Ulikuwa mfinyanzi. Miaka ile ningekujengea nao ghorofa. Sasa umejaa uozo mpaka chini, nimechimba mpaka kwenye jiwe hakuna pa kushika."

"Si kuna namna ya kuutengeneza?"

Fundi alipangusa mikono kwenye suruali, akafikiri kama fundi anavyofikiri. "Ipo. Msiupe kitu tena. Mchome kila kinachoota juu yake, jua liupige, mvua iusafishe. Ukishakufa vizuri, kama miaka kumi hivi, niiteni."

Mama mkwe alikuwa anayatazama yale makombo sakafuni, na ungemwona uso wake ungejua anaitazama nyumba yake. Shemeji akasimama. Shingo ilikuwa imemvimba.

"Mama, umesikia. Huyu ameharibu mali ya ukoo. Amekaa miaka sita anaharibu makusudi, anatuchekea."

Angeweza kusema hakujua, na ungekuwa ukweli mtupu. Hakupata kufikiria hata siku moja habari za tanuri alipokuwa anatia majani ya kabichi mtaroni. Yeye alitaka mahindi tu. Mlango wa kutokea kwa upole ulikuwa wazi mbele yake, na watu wengi waungwana wangepitia hapo. Mama Jaa aliutazama akaupita.

"Nimeuharibu, shemeji," akasema. "Kwa mikono yangu hii. Na mwakani nitauharibu zaidi."

Fundi aligeukia ukutani kuficha kicheko. Wote wakamgeukia mama mkwe, kwa kuwa shamba lilikuwa lake, na nyumba iliyovunjika pale sakafuni nayo ilikuwa yake.

"Na mimi?" akauliza yule mama. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Mvua zikirudi mwezi ujao, mimi nitalala wapi? Kwenye mahindi?"

"Chumbani kwangu, mama. Bati langu halivuji. Kitanda ni kipana."

"Kwako kunanuka jaa."

"Kunanuka, mama. Na kutaendelea kunuka."

Mama mkwe alimtazama mkwewe kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kucha nyeusi za miguuni, kwa muda mrefu, kama anayemwona akiingia pale siku ya kwanza. Kisha akajiinua kwa kushika ukuta, na udongo wa ukuta ukamtoka mkononi.

"Basi nibebee godoro," akasema.

Mama Jaa alilikunja godoro, akalifunga kwa shali, akajitwika. Akapita nalo mbele ya shemeji yake mlangoni, bila kumwomba apishe.